Kisima Kwenye Ramani

Mwaka jana niliweka kisima kwenye ramani, na tangu siku hiyo sijaacha kujiuliza kama nilikuwa na haki ya kufanya hivyo. Kazi yenyewe haikuchukua hata dakika mbili. Nilikuwa bwenini Dar es Salaam, nina bando la usiku, nikafungua OpenStreetMap, ile ramani ya dunia ambayo mtu yeyote anaweza kuichora na kuisahihisha. Nikaitafuta pwani ya kaskazini ya Cabo Delgado, Msumbiji, nikashuka polepole hadi nikaiona Quiterajo. Nilizaliwa huko mwaka 2002. Bibi yangu alinilea mpaka nilipofika miaka tisa, ndipo mama aliponichukua kwenda Mtwara alikoolewa. Sijarudi tena.

Anayeitazama Quiterajo kutoka juu huona maji kwanza. Mto Messalo unaingia baharini kaskazini kidogo ya hapo, na mdomoni maji yake ya udongo yanaenea kwenye buluu ya bahari kama maziwa yaliyomwagika kwenye chai, ila rangi zimegeuka. Kuna mikoko iliyosongamana, kuna mchanga mweupe, kuna minazi ambayo kutoka juu ni kama vinyota vya kijani. Ukisogea bara unakuta kijani kizito zaidi, msitu mkavu wa pwani, na katikati yake mabaka mepesi ya mashamba. Nilifuata njia moja kwa kidole kwenye kioo cha simu mpaka nikafika mahali ambapo moyo uliniambia simama. Picha haikuonyesha kisima. Ilionyesha vichwa vya miti tu. Lakini mimi nilitumwa maji pale mara nyingi nikiwa mtoto, na nilijua chini ya vile vichwa kuna nini. Nikabofya, nikaandika kwamba hapa kuna kisima, nikahifadhi. Msomaji utaniwia radhi, sitasema kiko upande gani.

Swali langu katika insha hii si kama ramani za mtandaoni ni nzuri au mbaya. Hilo ni swali la mdahalo wa shule ya sekondari, upande wa kutetea na upande wa kupinga, kisha kengele inalia. Swali langu ni dogo, na kwangu ni gumu zaidi: mtu akijua kitu cha mahali fulani, je, kule kujua kwake kunampa haki ya kukionyesha kwa wengine?

Kabla sijajilaumu lazima nikiri kwamba ramani hizi ndizo zilizonirudishia kwetu. Hapa Tanzania nikisema mimi ni Mmwani, wenzangu hucheka na kuniuliza kama sisi ni watu wa mwani, ule wa baharini unaolimwa Unguja. Huwa nawaeleza kwamba kwa Kimwani neno hilo ni pwani, kwa hiyo sisi ni watu wa pwani tu, kama wao walivyo Waswahili wa mwambao. Lakini zamani nilikuwa naeleza nikiwa na aibu kidogo, kwa sababu nilichokuwa nacho cha kwetu kilikuwa vipande: harufu ya mkaa wa bibi, kelele za watoto mashua zinaporudi, njia ya kisimani. Nilipoanza kutumia picha za setilaiti, vipande vile vilipata mahali pa kukaa. Niliona kumbe Ibo na Matemo haviko mbali kama nilivyodhani utotoni. Niliona majina yetu yamevaa herufi za Kireno, Quissanga badala ya Kisanga, Quirimba badala ya Kirimba, nikajifunza kuyasoma kwa sauti ya kwetu.

Nilijifunza pia mambo ambayo hata wakubwa wa kwetu hawakunifundisha. Msitu ule niliokuwa nauogopa jioni ni mabaki ya misitu mikavu ya pwani iliyobaki vipandevipande kati ya Palma na kusini yake. Mwaka 2008 na 2009 wataalamu wa mimea kutoka Msumbiji, Ufaransa na Uingereza walifika Palma na Quiterajo kukusanya majani, maua na mbegu, na katika kupima msitu uliobaki walitumia pia picha za setilaiti. Walihesabu aina 68 za mimea ambazo hazikuwahi kuandikwa kuwa zipo Msumbiji, na nyingine 36 ambazo huenda sayansi haikuwa imezijua kabisa. Katika misitu ya Quiterajo kuna mti uitwao kwa jina la kisayansi Guibourtia schliebenii, ambao upo pia upande wa Lindi. Yaani mti huohuo uko kusini mwa Ruvuma na kaskazini yake, kama sisi wenyewe. Nilipomsimulia bibi, alisema anawakumbuka watu waliokuwa wakilaza majani ndani ya magazeti, na kwamba walikuwa wanauliza jina la kila kijiti mpaka wenyeji wakachoka.

Kwa hiyo nilipoweka kisima changu nilijiona nalipa deni. Ramani ilinipa kwetu, nami nikaipa ramani kisima.

Likizo ndefu ilipofika nilikwenda Mtwara. Bibi aliletwa huko kwa mama mwaka 2022, baada ya kukaa Pemba, mji mkuu wa Cabo Delgado, kwa jamaa waliokuwa wamejaa nyumba moja kama dagaa. Jioni moja tulikuwa tumekaa mkekani uani nikamwonyesha simu. Hakuamini mwanzoni. Nilimwonyesha msikiti, nikamwonyesha pwani, nikashuka mpaka kwenye paa la nyumba yake. Akashika simu kwa mikono miwili.

"Hii ni leo?"

"Hapana, bibi. Ni picha ya zamani kidogo."

"Maana paa hili mimi nililiona likiungua."

Nikakosa la kusema. Ramani ilikuwa inaonyesha nyumba ambayo haipo, na iliionyesha kwa uhakika uleule inaoonyesha bahari. Ili kubadilisha mazungumzo nikasogeza picha, nikamwambia kwa furaha, "Na hapa bibi, unapakumbuka? Kisima. Nimekiandika mimi mwenyewe."

"Umemwandikia nani?"

"Watu wote. Hata mtu wa Ulaya akifungua atakiona."

Bibi alirudisha simu mkononi mwangu, akafunga kanga vizuri. "Watu wote ndio akina nani, mjukuu wangu?"

Alizungumza kwa Kimwani, na sitaweza kuyarudisha yote kwa Kiswahili kama alivyoyasema. Bibi alikuwa mtoto vita vya ukombozi vilipoanza. Wanafunzi wote wa Msumbiji hufundishwa kwamba risasi ya kwanza ya FRELIMO ilipigwa Chai tarehe 25 Septemba 1964, na Chai iko wilaya ileile ya Macomia iliyo na Quiterajo. Kile ambacho vitabu havikai nacho sana ni namna watoto walivyofundishwa kuiogopa mbingu. Ndege za Wareno zilipita, na kinachoonekana kutoka juu ndicho kilichopigwa. Kwa hiyo walipika kabla ya alfajiri ili moshi usionekane, nguo nyeupe hazikuanikwa mahali pa wazi, na njia ya kwenda majini ilipitishwa chini ya miti, mguu wa mtu na mguu wa mtu, isifanye mstari. Kisima kile kilichimbwa mahali pale kwa sababu hiyo. Hakikuwekwa chini ya miti kwa ajili ya kivuli.

Halafu akaja kwenye mwaka 2020. Vita vya sasa vilianza Oktoba 2017 Mocímboa da Praia, vikashuka kusini kijiji kwa kijiji. Siku ilipofika zamu yao, bibi na wenzake walikimbilia msituni, wakalala huko usiku tatu kabla ya kupata mashua ya kwenda Pemba. Oktoba ya mwaka huo ufuko wa Paquitequete, Pemba, ulipokea maelfu ya watu waliofika kwa mashua, wengine wakiwa wamezama njiani. Bibi alikuwa mmoja wa waliofika salama. "Usiku zile tatu," alisema, "tulikunywa maji ya kisima kile. Tulikunywa kwa sababu hakuna asiye wetu aliyekijua."

Nikamwambia nitakifuta usiku uleule.

Niliporudi chuoni nilimsimulia mwenzangu wa darasa, naye akanipa jibu ambalo nadhani wasomaji wengi wangelitoa. Alisema ninajisumbua bure. Setilaiti zinapiga picha dunia nzima. Majeshi yana picha kali kuliko hizi zetu za bure. Mtu mbaya akitaka kukitafuta kisima atakitafuta, uwepo wangu au kutokuwepo kwangu hakubadilishi kitu. Kitu ambacho tayari kiko wazi hakiwezi kufichuliwa.

Hoja hii ilinituliza kwa siku kama mbili hivi. Kisha nikaifungua tena ile picha na kuitazama vizuri, nikaona ilipokosea. Kilichokuwa wazi ni miti. Setilaiti iliona miti, na ingeendelea kuona miti kwa miaka mia. Aliyesema kwamba chini yake kuna maji ni mimi. Kuona na kusema ni matendo mawili, na ramani za siku hizi zinatufanya tuyachanganye kwa sababu yote mawili yanafanyika kwenye kioo kimoja, kwa kidole kimoja. Ninapovuta picha niione pwani ya kwetu, mimi ni mtazamaji. Ninapoandika neno juu yake, nimegeuka msemaji, na ninasema habari za watu. Mtu akisimama sokoni na kutangaza jirani yake anaficha wapi funguo, hatusemi kwamba hakufanya kosa kwa vile kila mtu alikuwa anauona mlango.

Waswahili tunalo neno sitara. Tunalitumia kwa nguo, kwa nyumba, kwa ndoa, kwa marehemu. Mtu aliyesitirika si lazima awe na jambo baya analolificha. Ana kitu ambacho si cha kila jicho, basi. Nadhani na mahali pana sitara yake, na kisima kile kilikuwa nayo kwa maana halisi kabisa, majani na matawi. Niliivua.

Nimeshangaa kuona kwamba watu wanaoshughulika na wanyama wamelifikiria jambo hili kuliko sisi tunaochora njia na visima. Kuna jukwaa linaloitwa iNaturalist, ambapo mtu hupiga picha ya ndege, kinyonga au ua, akaiweka pamoja na mahali alipoviona. Kama kiumbe ni wa aina iliyo hatarini kutoweka, mfumo wenyewe huficha mahali halisi na kuonyesha nukta iliyosogezwa ndani ya eneo la kilomita kama ishirini. Sababu inajulikana. Kati ya 2009 na 2014 Msumbiji ilipoteza karibu nusu ya tembo wake kwa ujangili, na jangili naye ana simu. Hakuna anayelalamika kwamba sayansi imenyimwa haki yake kwa sababu tembo fulani hajulikani alilala wapi jana. Mimi nilipoweka kisima hakuna kilichoniuliza chochote. Nukta ya chura adimu ingesogezwa. Nukta ya maji aliyokunywa bibi yangu ilibaki palepale, kwa usahihi wa mita chache, na nilijivunia usahihi huo.

Katika nchi yetu hiyohiyo kuna kisa kinachojulikana duniani cha Mlima Mabu, mkoa wa Zambézia. Mwaka 2005 Julian Bayliss, mwanasayansi Mwingereza, alikuwa akiitazama milima ya kaskazini mwa Msumbiji kwenye Google Earth akaona msitu mkubwa ambao haukuwa kwenye maandishi ya wataalamu. Mwaka 2008 ulikwenda msafara mkubwa ulioandaliwa na bustani ya mimea ya Kew pamoja na wataalamu wa Msumbiji na nchi jirani, wakakuta vipepeo, kinyonga na nyoka ambao hawakuwa na majina ya kisayansi. Magazeti yakauita msitu wa Google. Ni kazi nzuri na siidharau, kwa sababu msitu usioandikwa hauna wa kuutetea. Lakini wenyeji wa chini ya mlima ule walikuwa wakiujua siku zote, na wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe, vilivyokwisha mwaka 1992, waliutumia kama maficho. Sifa waliyoipata wageni kwa kuuona msitu ni sifa ambayo wenyeji waliwahi kuikwepa kwa makusudi, kwa sababu kuishi kwao kulitegemea usionekane.

Bayliss huyohuyo baadaye aliona kwenye Google Earth Mlima Lico, ambao kuta zake ni jabali tupu pande zote na juu yake kuna msitu. Ulionekana kama mahali ambapo hajawahi kufika mtu. Mwaka 2018 walipanda kwa kamba pamoja na wapandaji stadi, na huko juu, kwenye chanzo cha kijito, wakakuta vyungu. Mtu alishawahi kupanda na vyungu, akaviweka majini, akashuka bila kumwambia yeyote. Nimekifikiria sana kisa hiki. Picha ya juu ilisema hapa hakuna mtu, na vyungu vikasema vingine.

Hata hivyo sitaki nionekane nasema kila kitu kifichwe. Pwani hii hasa inajua siri za ramani zilivyotumika. Wareno walipoanza kupita hapa, ramani zao zilikuwa mali ya mfalme na hazikutakiwa kutoka Lisbon. Ramani maarufu ya Cantino ya mwaka 1502, yenye mwambao wetu umechorwa vizuri ajabu, ilifika Italia kwa magendo. Mfalme hakuwa anamsitiri mtu. Alikuwa analinda biashara na mizinga yake. Siri ya mwenye nguvu na sitara ya mnyonge zinafanana kwa sura, kwani zote mbili ni kutosema, lakini moja inalinda mkono unaopiga na nyingine inalinda anayepigwa. Ndiyo maana nadhani mtu hawezi kuamua kama ni vyema kuonyesha au kuficha kabla ya kuuliza nani ataumia.

Na mara nyingine kuficha ndiko kunakoumiza. Dar es Salaam nimefaidi matunda ya mradi wa Ramani Huria, ulioanza mwaka 2015, ambapo wanafunzi wa vyuo na wakazi wa mitaa walitembea uchochoro kwa uchochoro wakichora mitaro na nyumba katika kata zinazofurika. Mtaro usiokuwa kwenye ramani hausafishwi. Kwetu, Kimbunga Kenneth kilipopiga pwani ya Cabo Delgado tarehe 25 Aprili 2019, wiki sita tu baada ya Idai kuipiga Beira, watu wa kujitolea sehemu mbalimbali za dunia walikaa mbele ya kompyuta wakichora mapaa na barabara ili wenye misaada wajue vijiji viko wapi. Wale hawakuwa wamefika Msumbiji. Walichora kutoka juu, kwa nia njema, kama mimi. Siwezi kusema walikosea.

Mjomba wangu, aliyebaki Pemba, ndiye aliyenivurugia zaidi. Nilimpigia nikitarajia ataungana na bibi. Badala yake alinigombeza kwa kufuta. Alisema bibi anafikiria vita, na vita vitakwisha, lakini yeye anafikiria kitakachokuja baada ya vita. Akanitajia watu wa Quitupo, wilaya ya Palma, waliohamishiwa Quitunda ili kupisha mradi wa gesi wa Afungi. "Siku ile, mpwa wangu, mtu anaulizwa: shamba lako liko wapi, mnazi wako uko wapi, baba yako amezikwa wapi? Sisi sasa tumetawanyika, wengine Pemba, wengine Metuge, wengine Nampula, nyie huko Mtwara. Msitu utafunika kila kitu. Atakuja mtu na picha yako hiyo ya kutoka juu, ataona miti mitupu, atasema hapa hapana mwenyewe." Alitaka niandike kisima, makaburi, mibuyu, mipaka ya mashamba, kila kitu, na majina.

Sheria ya Ardhi ya Msumbiji ya mwaka 1997 inasema ardhi ni ya dola, lakini inatambua haki ya jamii iliyokaa mahali kwa mila zake, na inakubali ushahidi wa mdomo wa wenyeji. Nilimkumbusha mjomba hilo. Akaniuliza mdomo wa bibi una miaka mingapi mbele yake.

Hapo ndipo nilipoona kwamba jibu nililokuwa nimeanza kulijenga, kwamba ruhusa ni ya wale watakaoumia, ni sahihi lakini halitoshi. Bibi ataumia kisima kikionekana. Mjomba ataumia kisipoonekana. Wote wawili wamekunywa maji yake kuliko mimi, na wanatofautiana. Kijiji kingekuwepo, jambo hili lingepelekwa barazani, wazee wangekaa, wangegombana siku mbili na kuafikiana. Sasa baraza limetawanyika kwenye kambi na nyumba za jamaa, na mjukuu mwenye simu na bando anajikuta ameshika kazi ya baraza zima bila kuteuliwa na mtu. Nadhani hili ndilo lililonitisha kuliko kosa lenyewe, kwamba ilikuwa rahisi kiasi kile. Zamani kumwonyesha mgeni kisima kulihitaji umshike mkono, utembee naye, wenzako wawaone mnapita, waulize mnakwenda wapi. Safari yenyewe ilikuwa na maswali ndani yake. Mimi sikukutana na mtu yeyote njiani.

Tulichofanya hatimaye ni kidogo na sijui kama kitatosha. Nilinunua daftari kubwa la karatasi nene, nikakaa na bibi uani Mtwara siku nyingi za likizo iliyofuata. Nilianza kwa kutaka achore ramani kama ninavyoijua mimi, kaskazini juu, kusini chini. Hakuweza, na baada ya muda nikaelewa kwamba tatizo halikuwa lake. Yeye anapajua Quiterajo kwa kutembea. Unatoka kwa fulani, unauacha mbuyu mkono wa kushoto, unasikia bahari, halafu huisikii tena, hapo ndipo penye makaburi ya kina fulani. Kusikia na kutosikia bahari kulikuwa alama zake, na hakuna setilaiti iliyonionyesha hilo. Nikaandika kama alivyosema. Mjomba anasimulia kwa simu ya Pemba, mtandao ukikatika tunasubiri, naye anamsahihisha bibi, bibi anamsahihisha yeye. Kwa muda ule wa simu baraza linakuwepo kidogo. Daftari liko ndani ya sanduku la bibi na mjomba anayo nakala. Atakayetaka kuonyeshwa itabidi aje aombe, na tutamuuliza wewe ni nani. Mjomba anasema daftari si hati. Bibi anasema daftari linaweza kuungua. Wote wanasema kweli.

Kuhusu ile nukta, niliifuta usiku ule niliomwahidi bibi. Asubuhi aliniuliza, "Umekifuta?" Nikamwambia ndiyo, na haikuwa uongo, kwa sababu ukifungua ramani leo huoni kitu pale. Ila baada ya wiki kadhaa ndipo nilipojifunza kwamba OpenStreetMap huhifadhi historia ya kila badiliko. Nukta iliyofutwa hubaki kwenye kumbukumbu pamoja na tarehe, jina la mtumiaji na mahali halisi, na anayejua kutafuta anaweza kuiona: toleo la kwanza, kisima; toleo la pili, kimefutwa. Anayeiona atajua pia kwamba kuna mtu alitaka kisionekane.

Bibi hajaniuliza tena, na sijamwambia.